Ajali Ina Kinga

Methali ninayoichukia kuliko zote ni "Ajali haina kinga." Nimeisikia misibani, nimeisikia kwa askari wa barabarani, nimeisoma nyuma ya daladala isiyokuwa na taa za nyuma. Ni methali ya watu waliochoka kuuliza. Hata neno lenyewe limeegemea upande huo: huko Uarabuni lilikotoka, ajali ni muda uliokadiriwa, siku yako iliyokwisha kuandikwa. Kwa hiyo mashine ikimrusha mtoto, tukishatamka "ajali" kesi imekwisha. Aliyefunga bolti, aliyekagua, aliyekata tiketi, wote wamekwenda zao nyumbani. Aliyebaki kizimbani ni Mungu, na huyo hahojiwi.

Nataka kuzungumzia bembea. Nalitumia neno hili kwa upana: magurudumu ya kupanda juu, treni za kupinduka, mitelezo ya maji, viti vya kuzunguka, kila mtambo tunaoulipia ili utuogopeshe kidogo kisha uturudishe chini salama. Nimezichagua bembea kwa sababu kwake ile methali haina pa kujificha. Barabarani kuna mvua, kuna ng'ombe, kuna mlevi wa gari la mbele. Bembea haina mlevi wa mbele. Njia yake imechorwa na binadamu, kasi yake imepangwa na binadamu, na kabla haijaanza kuna binadamu amesimama karibu na swichi. Ikiua, kuna mtu aliamua jambo.

Chukua Australia, nchi tajiri, yenye wahandisi na bima na mahakama. Tarehe 25 Oktoba 2016, katika bustani ya burudani ya Dreamworld, Gold Coast, watu wazima wanne walikufa kwenye mchezo ulioitwa Thunder River Rapids. Haukuwa mchezo wa kutisha. Boti za duara, watu sita kila moja, zinaelea kwenye mto wa kutengenezwa, mwishoni zinapandishwa na ukanda unaotembea hadi mahali pa kushukia. Mchezo wa bibi na mjukuu. Ulikuwapo tangu 1986. Siku hiyo moja ya pampu mbili kubwa za maji ilizima. Maji yakashuka, boti tupu ikakwama juu ya vyuma mwishoni mwa ukanda. Ukanda haukujua. Uliendelea kuileta boti ya nyuma, yenye watu sita, ikaigonga ile iliyokwama, ikainuka wima na kuvutwa kwenye mashine. Waliotoka hai ni watoto wawili.

Pampu hiyo ilikuwa imeshazima mara mbili siku hiyohiyo. Kila mara iliwashwa tena, na foleni ikaendelea kusogea.

Matokeo ya uchunguzi rasmi wa vifo hivyo yalitolewa Februari 2020, na ningetamani yafundishwe vyuoni kwetu. Hapakuwa na kifaa chochote cha kuusimamisha mtambo maji yakipungua, ingawa kifaa hicho kingegharimu dola elfu chache tu. Wafanyakazi walipima maji kwa macho, wakitazama ukoko ulioachwa na maji ukutani. Kulikuwa na kitufe kinachoweza kuusimamisha ukanda kwa sekunde mbili hivi, tena kilikuwa jirani na mfanyakazi aliyekuwa akishusha abiria. Lakini alifunzwa kazi asubuhi ya siku hiyo, na hakuna aliyemweleza kitufe kile kinafanya nini hasa. Siku chache kabla, waraka ulikuwa umewataka wafanyakazi wasikitumie ila kama jopo kuu la kuendeshea halifikiki. Na mwaka 2001 boti ziligongana palepale na moja ikapinduka, kwa bahati zikiwa tupu. Yaani mtambo ulishaonesha utakavyoua, miaka 15 kabla, bila malipo. Kampuni ikakiri makosa, na Septemba 2020 ikatozwa faini ya dola milioni 3.6 za huko. Nani atasimama mbele yangu aseme hii haina kinga? Kinga ilikuwa imefungwa ukutani, ina rangi, na hakuna aliyeambiwa kazi yake.

Msomaji wa huku atasema: hayo ya wazungu. Haya. Idi mosi ya mwaka jana nilisimama katika kiwanja kimoja cha watoto, sitakitaja, nikiangalia bembea ya viti vya kuzunguka. Fremu ya mabomba, imechomelewa mtaani. Injini ya dizeli, mkanda, puli. Kwenye kiti kimoja pini ya mnyororo ilikuwa imepotea, pamewekwa msumari wa inchi nne uliokunjwa. Watoto wamevaa nguo mpya, wanalia kwa kutaka zamu, na kijana anayeiendesha amepata kibarua hicho asubuhi. Nikamuuliza, ikishika kasi kupita kiasi unaizimaje? Akanionesha injini, ng'ambo ya pili ya uwanja, nyuma ya wauza juisi na umati wa watu. "Nakimbia, kaka," akasema, na wala hakuwa anatania.

Yule wa Gold Coast alikuwa na kitufe bila maelezo, huyu ana maelezo bila kitufe. Wote wawili wamewekwa mbele na watu ambao siku ya msiba hawaonekani. Ndiyo maana sipendi habari zetu zinavyoishia kwa "mwendesha bembea anashikiliwa na polisi." Anayeshikiliwa siku zote ni wa mwisho kuajiriwa.

Turudi kwa wenye pesa, maana umaskini ni kisingizio kinachopendwa mno. Kansas City, jimboni Kansas, Marekani, Julai 2014 ulifunguliwa mtelezo wa maji wenye urefu wa zaidi ya mita 51, mrefu kuliko yote duniani wakati huo. Waliuita Verrückt, neno la Kijerumani lenye maana ya mwendawazimu. Katika majaribio, boti zenye mifuko ya mchanga ziliruka na kutoka kwenye mtelezo. Dawa waliyoipata ni kuujengea kizimba cha wavu uliotandazwa juu ya pao za chuma. Tafakari hilo kidogo: boti inaruka, wao wakaweka chuma pale inaporukia. Tarehe 7 Agosti 2016 mvulana wa miaka 10 aliketishwa mbele, watu wazima wawili nyuma yake. Boti ikaruka, kichwa chake kikakutana na chuma, akafa papo hapo.

Siku hiyo bustani iliwaalika bure wabunge na maofisa wa kuchaguliwa pamoja na familia zao. Marehemu alikuwa mtoto wa mbunge wa jimbo. Sheria ya Kansas ya wakati ule iliwaachia wenye bustani watafute wakaguzi wao wenyewe, serikali ikibaki kupekua makaratasi. Mwaka 2017, baada ya kifo cha mtoto wa mwenzao, bunge hilohilo likaikaza sheria. Hati ya mashtaka iliyofuata ilidai kwamba waliobuni mtelezo hawakuwa na sifa za uhandisi. Februari 2019 jaji akafuta mashtaka, kwa sababu waendesha mashtaka walikuwa wamewaonesha wajumbe wa baraza la mashtaka ushahidi usiofaa, zikiwamo picha za kipindi cha televisheni. Hakuna aliyefungwa.

Na usidhani serikali kuu ya huko ingeokoa jambo. Tangu 1981 Bunge la Marekani liliiondolea tume ya usalama wa bidhaa mamlaka juu ya bembea zilizojengwa mahali pamoja. Ikabakiwa na zile zinazohamishwa kutoka maonyesho hadi maonyesho. Bembea ikiota mizizi, kila jimbo na lwake.

Florida ndiko kisa kinachoniudhi zaidi, kwa kuwa pale mashine yenyewe ilijaribu kukataa. Orlando FreeFall ulikuwa mnara wa kudondosha watu, futi 430. Viti vyake vilikuwa na sensa: kizuizi cha kifua kisipofunga sawasawa, mnara hauanzi. Sensa maana yake ni mashine kusema hapana. Uchunguzi ulioagizwa na jimbo ulikuta kwamba sensa za baadhi ya viti zilirekebishwa kwa mkono ili zikubali kizuizi kikiwa wazi karibu mara mbili ya kawaida. Tarehe 24 Machi 2022 kijana wa miaka 14, mwenye mwili mkubwa kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtambo, aliketi kwenye kiti kimojawapo. Taa ikaonesha kuwa yuko salama. Akachomoka njiani. Mawakili wa familia walisema mikanda ya kiunoni kwa viti vyote 30 ingegharimu dola 660. Dola 660! Hapa Dar es Salaam kuna harusi inayotumia zaidi ya hizo kwa mapambo ya ukumbi.

Rafiki yangu mhandisi ananipinga kila tukikutana. Anasema bembea ni salama kuliko bodaboda iliyonileta kwake, na kwamba kwa kupiga kelele hivi nitawatia watu hofu ya bure. Nakubaliana naye kwenye hesabu. Mamilioni wanapanda mitambo hii kila mwaka na kushuka wakicheka. Lakini wanacheka kwa sababu ya nini? Kwa sababu mahali fulani kuna fundi aliyekagua bolti alfajiri na msimamizi aliyekubali kupoteza mauzo ya siku nzima pampu ilipozima. Salama hiyo imetengenezwa kwa mikono, haikushuka kama mvua, na hoja yake inanisaidia mimi.

Wala si kwamba hatuna pa kuanzia. Kuna viwango vya kimataifa vya ISO 17842 vya mitambo hii, kuanzia usanifu hadi uendeshaji na ukaguzi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote zinatambua kwamba mashine ya kunyanyua inahitaji jicho la mtu mwenye ujuzi kwa vipindi. Gurudumu linalonyanyua watoto 40 hewani ni mashine ya kunyanyua, hata likipakwa rangi ya waridi. Mkaguzi aje kabla ya Idi, kabla ya Pasaka, kabla ya Sabasaba na Nanenane, si baada ya mazishi. Na boti inayogongana ikiwa tupu iandikwe na kuripotiwa kama vile ilikuwa na watu.

Kwa sasa mimi nadai karatasi moja. Ibandikwe kwenye dirisha la tiketi, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka: mtambo huu ulikaguliwa tarehe fulani, na fulani, simu yake hii, uzito wa mwisho huu, kitufe cha kuzimia kiko hapa. Mzazi aliyeshika noti ya elfu mbili aisome kabla hajaitoa. Ikiwa haipo, aulize iko wapi, kwa sauti, foleni yote isikie.