Ulaya Yatafuta Ufunguo wa Nyumba Yake

Kwa miaka mingi nchi za Ulaya zilizitawala nchi zetu, zikatuuzia mashine na kutufundisha namna ya kuzitumia. Leo nchi hizo hizo zalalamika kwamba zinategemea mno mitambo ya wengine. Jambo hilo si la kuchekelea. Lapasa lichunguzwe kwa makini, hasa na ninyi askari na polisi, kwa kuwa miongoni mwa waliotangulia kulitafutia dawa huko Ulaya wamo watu wa kazi yenu.

Kiini cha tatizo chaeleweka kwa urahisi. Ofisi nyingi za serikali huko huandika barua na hutunza kumbukumbu kwa programu za makampuni ya Marekani. Makampuni matatu ya nchi hiyo, yaani Amazon, Microsoft na Google, yameshika kiasi cha asilimia 70 ya biashara ya kukodisha mitambo ya kuhifadhia data katika Ulaya. Mitambo yaweza kuwa Frankfurt au Dublin, lakini mwenye mitambo yuko chini ya sheria za Washington. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2018 yaruhusu vyombo vya dola vya huko, kwa amri ya kisheria, kuidai kampuni ya Marekani data iliyo mikononi mwake, hata kama imehifadhiwa katika nchi nyingine.

Hatari hiyo ilionekana wazi mwaka 2025. Mwezi Februari Rais Donald Trump aliamuru vikwazo dhidi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague. Mwezi Mei habari zikaenea kwamba mwendesha mashtaka mkuu, Karim Khan, hakuweza tena kutumia barua pepe yake ya Microsoft. Kampuni ilieleza kwamba haikusimamisha huduma zake kwa mahakama hiyo. Vyovyote ilivyokuwa, serikali za Ulaya zilijiuliza swali moja: je, kesho ikiwa ni zamu yetu? Kabla ya mwaka kwisha, ilitangazwa kwamba mahakama itahamia programu ya openDesk, iliyotayarishwa Ujerumani.

Lakini kuna waliojiuliza swali hilo mapema zaidi. Polisi wa kijeshi wa Ufaransa, Gendarmerie, waliacha mwaka 2005 programu ya kuandikia ya kulipia, wakachukua programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote aruhusiwa kuichunguza ndani, kuirekebisha na kuigawa. Kwanza waliwazoesha askari programu mpya za kuandikia na za intaneti. Baadaye, kuanzia mwaka 2008, wakabadili mfumo unaoendesha kompyuta zenyewe, wakaweka Linux. Kufikia mwaka 2024 karibu kompyuta zao zote, zipatazo 100,000, zilikuwa zimekwisha hamishwa.

Jeshi la Austria nalo lilikamilisha mwaka 2025 kazi ya kuhamisha kompyuta 16,000 kwenye programu huria ya LibreOffice. Maofisa wake walisema kwamba shabaha haikuwa kuokoa fedha, bali kuhakikisha kwamba data ya jeshi inashughulikiwa ndani ya jeshi lenyewe. Marekebisho waliyoyafanya yametiwa katika programu hiyo ya wote, hata mtumiaji wa Kampala au Kigali aweza kufaidika nayo.

Si wote waliofaulu. Mji wa Munich ulihamisha kompyuta zipatazo 15,000 na kumaliza kazi mwaka 2013. Meya akabadilika mwaka 2014, watumishi wakalalamika, na mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi kwenye Windows. Programu ilikuwa ya jamii ile ile waliyoitumia Wafaransa. Kwa maoni yetu, tofauti kubwa ilikuwa katika uongozi: Gendarmerie ilikuwa na amri moja iliyodumu, ilhali Munich amri iligeuka njiani.

Wala tusidhani kwamba Ulaya yaweza kutengeneza kila kitu. Sheria yake ya mwaka 2023 ilikusudia kufikisha asilimia 20 ya vichakataji vidogo vya elektroniki vya dunia ifikapo mwaka 2030, kwa mpango wa euro bilioni 43. Mwaka 2025 wakaguzi wake wenyewe walisema kwamba shabaha hiyo haielekei kutimia. Ikiwa matajiri wameshindwa, sisi tusijidanganye kwamba tutajitegemea kwa kila chombo.

Hata hivyo, yako yaliyo ndani ya uwezo wetu. Daftari la matukio la kituo cha polisi hukaa kituoni, na mkuu wa kituo ajua ni nani mwenye ufunguo wa kabati. Daftari hilo likihamishiwa katika kompyuta, yafaa maswali yale yale yaulizwe kabla ya mkataba kutiwa saini. Data itakaa wapi? Itakuwa chini ya sheria ya nchi gani? Mkataba ukivunjika, ni askari wetu gani atakayeweza kuifungua na kuirekebisha? Gendarmerie ilianza na programu ya kuandikia barua tu. Hatuoni sababu ya vikosi vyetu kushindwa kuanza hapo, mradi wafundishwe vijana wetu wenyewe, na amri ikishatolewa isigeuzwe njiani.