Fakiri na Maskini kwa Kiingereza

Kamati ya zaka ikikaa kuandika fomu zake kwa Kiingereza, hutatizwa kwanza na neno la kumtaja anayestahili. Aitwe "poor", au "needy", au "destitute"? Aghalabu huchukuliwa lililo karibu na kalamu, kwa dhana kwamba yote ni umaskini tu. Sisi twaona hapo ndipo haki ya mtu inapoanza kupotea.

Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya wapewao zaka, na mawili ya mwanzo ni mafakiri na maskini. Wanavyuoni wa Kishafi, wafuatwao na wengi katika pwani yetu, wamemweka fakiri chini zaidi. Mwenye haja ya shilingi kumi akawa hana kitu, au ana mbili tatu, huyo ni fakiri. Mwenye saba au nane, naye hazimtoshi, ni maskini. Hoja yao mojawapo itawafurahisha mabaharia. Katika Suratul Kahf, aya ya 79, chombo kilichotobolewa kilikuwa cha maskini wafanyao kazi baharini. Wana chombo, na bado ni maskini! Wenzao wa Kihanafi wamegeuza: kwao maskini ndiye wa chini, na hushika aya ya 16 ya Suratul Balad, imtajayo maskini aliye vumbini. Khilafu hiyo ni ya elimu, na kila upande una kipimo chake.

Pickthall, katika tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1930, na Yusuf Ali baada yake, waliandika "poor" na "needy". Si kosa. Walakini maneno hayo yamefuatana katika Kiingereza tangu kale; yamo pamoja hata katika Biblia yao ya mwaka 1611, na sikio la Mwingereza huyapokea kama sisi tupokeavyo "raha mustarehe". "Poor" hutazama mali, kwamba mtu hana. "Needy" hutazama haja, kwamba amepungukiwa. Ni nani kati yao aliyezidi dhiki, maneno yenyewe hayasemi. Tena "poor" husemwa kwa huruma hata kwa tajiri, kama tusemavyo, "Maskini, amefiwa na mwanawe." Na "needy" siku hizi limeingiwa na kejeli: huitwa hivyo mtu asiyetosheka kubembelezwa. Mjane wa watu ukamwandike hilo!

Rai yetu ni kwamba fakiri wa Kishafi aandikwe "destitute", maana ndilo zito kuliko yote, na maskini aandikwe "poor". Mvuvi mwenye ngalawa yake, ambaye samaki wake hawatoshi kuwalisha wanawe, ni "poor". Fomu ikitaka "destitute" peke yake, karani ataiona ngalawa na kumkata jina, ilhali Kurani imemtaja.

Kando ya kila neno na iandikwe kadiri yake kwa shilingi: mapato ya mwezi, na matumizi ya lazima ya nyumba. Wako watakaosema tuliache "fakiri" kama lilivyo, kwani Waingereza nao wanalo. Kweli wanalo, ila kwao ni yule mtawa wa Bara Hindi alalaye juu ya misumari.