Kidonge Bila Kipimo

Saratani nyingi za matiti hustawi kwa kulishwa na homoni ya estrojeni. Hata baada ya hedhi kukoma, mwili wa mwanamke huendelea kuitengeneza, hasa katika tishu za mafuta, kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Angela Brodie, mwanasayansi mzaliwa wa Uingereza aliyefanya utafiti wake Marekani, alishika hoja moja: ukikizuia kimeng'enya hicho, uvimbe utakosa chakula. Ilimchukua miaka mingi kuwashawishi watengenezaji wa dawa waliokuwa wakisita. Leo anastrozoli, mojawapo ya dawa za kundi hilo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na hataza yake ilikwisha zamani.

Kinachotukwamisha sasa ni kipimo. Dawa hii haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna vipokezi vya homoni, na vipokezi havionekani kwa macho; hubainishwa maabara, kwa sampuli iliyohifadhiwa ipasavyo. Serikali inayonunua vidonge bila kugharimia maabara na wataalamu wa patholojia humwacha daktari akikisia, na mama akimeza dawa kila siku kwa miaka mitano, pengine bure.

Ndugu zangu mnaoandaa bajeti, nanyi wanafunzi mnaoijadili, tusiridhike kuhesabu shehena zilizomo bohari. Tuulize: ni wanawake wangapi waliopata majibu ya kipimo kabla ya kidonge cha kwanza?