Uvumilivu wa Wanafunzi Usiwe Kichaka cha Vyuo

Wako wakubwa wa elimu ambao, kila wanapoutaja mwaka 2020, huwasifu wanafunzi wa vyuo vikuu kwa uvumilivu wao. Wako na wengine, hasa miongoni mwa wahadhiri, wasemao kwamba vijana wale hawakuwa na uvumilivu wowote, kwani walirejea na madaftari meupe kama walivyoondoka nayo. Makundi haya yanabishana bure. Yote mawili yanamtazama mwanafunzi peke yake, na chuo kinasamehewa bila kuulizwa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake shule zikafungwa, na tarehe 18 vyuo navyo vikafungwa, hadi 1 Juni. Watoto wa shule za msingi na sekondari waliandaliwa vipindi vya redio na televisheni. Mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye taifa linamkopesha fedha ili asome, katika vyuo vingi aliambiwa angoje. Akangoja siku 75.

Alingojea wapi? Yafaa wanaomwita mvivu wajibu. Pwani na kaskazini masika yalikuwa yanaanza; kusini mahindi yalikaribia kuvunwa. Mtoto wa mkulima alipofika kwao alipewa jembe, wala hapana aibu hapo: Azimio la Musoma la 1974 lilikwisha kukataa kutenganisha elimu na kazi. Binti alikuta ndoo za maji, jiko, na wadogo zake ambao nao shule zao zimefungwa. Usiku ulipoingia angesoma nini, ikiwa vitabu vimefungiwa maktabani? Mwenzake wa mjini, mwenye kompyuta na fedha za intaneti, aliendelea kuandika tasnifu yake. Juni wote wawili wakawekwa mbele ya mtihani mmoja, na tofauti yao ikaitwa tofauti ya moyo. Ilikuwa tofauti ya mali, hata ikivishwa joho.

Wapo, kweli, waliokuwa na simu nzuri wakazimalizia katika mizaha. Hao wajilaumu wenyewe.

Lakini vyuo haviwezi kudai kwamba vilishtukizwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na tangu hapo kimewafundisha watu wakiwa makazini na majumbani mwao. Ujuzi wa kumwandalia mwanafunzi masomo yaliyochapwa, kumpa kazi na kuisahihisha akiwa mbali, ulikuwapo hapa hapa nchini. Vyuo kadhaa vilikuwa hata na mitambo ya kujifunzia kwa kompyuta, imelala. Kilichokosekana ni kukubali kwamba kazi ya mhadhiri haikomi mlango wa darasa unapofungwa. Mishahara ya vyuo vya umma haikukoma.

Hapana budi basi kila idara iagizwe kuwa na masomo yake yote yamechapwa, mwanafunzi aondoke nayo siku chuo kinapofungwa, iwe kwa maradhi au kwa mafuriko. Nakala zipelekwe katika maktaba za mikoa, na walimu wa sekondari walio karibu waombwe kusimamia mazoezi. Ni gharama ya karatasi na wino. Chuo kitakachosema hakina fedha kieleze kwanza, hadharani, kinatumia kiasi gani kila mwaka kwa posho za vikao.