Usimngoje Fundi kwa Chujio la Dizeli

Bwana Mkulima, masika ya huku kwetu Kwale huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, wala hayangoji trekta la mtu. Likikohoa na kuzimika katikati ya shamba, usikimbilie kulaumu injini. Tazama kwanza chujio la dizeli. Kulibadilisha ni kazi yako na dereva wako.

Pwani hewa ina unyevu mwingi. Tangi likilala nusu, umande hufanyika ndani yake usiku na maji huingia katika dizeli. Basi lijaze jioni. Wako watu wanaoliosha chujio chafu kwa petroli na kulirudisha. Hao wanabana senti na kuiua pampu ya nozeli, ambayo bei yake si ya mchezo.

Kabla ya kufungua, funga koki ya tangi na ufute vumbi lote. Tia alama paipu ya kuingizia na ya kutolea, zisije zikabadilishana. Weka washa mpya. Nati zianze kwa vidole, ndipo spana, zisipande kombo.

Hapa ndipo wengi hukosea: huwasha mara moja, na injini haiwaki kwa kuwa hewa imebaki ndani. Legeza skrubu ya hewa juu ya chujio, sukuma mkono wa pampu ndogo mpaka mapovu yaishe, kisha kaza.

Mwite dereva afanye nawe ukitazama, sasa, kabla ya mvua. Fundi akiwa Ukunda nawe uko Lunga Lunga, siku ya udongo mzuri itapita.