Dawa ya kuku: uliza inapita wapi kabla ya kuuliza bei



Leo naomba niseme wazi. Kuweka antibayotiki, dawa ya kuhara damu, vitamini na kalsiamu kwenye ndoo moja siyo tiba, ni hasara. Mazoea haya nayakuta mabandani, tena kwa vijana wanaojua hesabu zao vizuri.

Wengi tunauliza dawa ina nguvu kiasi gani. Swali la kwanza liwe: inapita wapi? Mwili wa kuku umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo unachagua. Vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta hupenya vyenyewe, vingine vinahitaji mlango maalumu, vingine hubaki nje.

Chukua neomaisini. Kuku akiinywa, sehemu kubwa inabaki ndani ya utumbo, haiingii kwenye damu. Kwa bakteria wa utumbo inafaa. Kwa kuku anayekoroma kwa mafua, umemwaga hela.

Oksitetrasaiklini huingia kwenye damu, ila ikikutana na kalsiamu zinashikana, na zikishashikana hazipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Dawa uliyoinunua inaishia kwenye kinyesi.

Amproliamu, ile ya kuhara damu, inafanana na vitamini B1. Inaziba mlango ambao vimelea vya koksidia hutumia kuvuta vitamini hiyo, navyo vinadhoofika. Sasa wewe ukimwaga B1 nyingi humohumo, umevisaidia vimelea. Vitamini ije baada ya dozi kuisha.

Utaniambia, "Mbona mimi nilichanganya na kuku wakapona?" Sawa, lakini kuku wengine hupona wenyewe. Hujui nani alitibiwa na nani alikuwa na bahati.

Kuna jambo zito zaidi. Dawa ikishaingia kwenye damu haiendi kwenye ugonjwa peke yake, inaenda na kwenye yai. Kiini hujengwa kwa vitu vinavyoletwa na damu, na hukua kwa kasi kwa takribani siku 10 kabla ya yai kutagwa. Ndiyo maana ukiacha dawa leo, mayai ya kesho bado yanaweza kuwa nayo. Soma siku za kusubiri kwenye lebo, na mayai ya siku hizo yasipande gari la Dar es Salaam. Lebo ikisema dawa siyo ya kuku wa mayai, usiitumie kabisa.

Najua inauma, maana chakula cha kuku hakisubiri. Ila trei hizo zinaliwa na watoto wa watu, na bakteria wanaozoea dawa bandani kwako hawaishii hapo.

Kwa hiyo ukifika duka la dawa za mifugo, uliza matatu: ugonjwa uko wapi mwilini, dawa hii inafika huko, na isichanganywe na nini? Muuzaji akishindwa kujibu, usitoe hela. Mtafute daktari wa mifugo kwanza.