Nyumba za Elimu na Wakaao Ndani Yake

Msomaji, katika boma la Mjaluo hapana nyumba isimamishwayo kabla ya kujulikana nani atalala ndani yake. Nyumba ya mke mkubwa huelekea lango. Kibanda cha kijana wa kiume, ambacho sisi hukiita simba (wala si mnyama yule), hukaa karibu na lango hilo. Ukimwuliza fundi kwa nini ameuweka mlango hapa na si pale, jibu lake huwa ni jina la mtu. Waulize vivyo hivyo wajengao vyuo vikuu vyetu. Aghalabu watakujibu kwa idadi ya ghorofa.

Jambo hili limekwisha kutufikia mlangoni. Chuo Kikuu cha Rongo, katika Migori, kilipata hati yake mwaka 2016. Kile cha Tom Mboya, katika Homa Bay, mwaka 2022. Vyote viwili vingali vichanga, na chuo kichanga hakikosi kujenga. Yamkini wewe usomaye Oyugis leo utalala katika bweni ambalo ramani yake haijachorwa bado. Basi una haki ya kusema neno kabla kalamu haijagusa karatasi, nami nakuchochea uitumie.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikaa katika bweni la ghorofa tatu. Kwa nje lilipendeza. Aliyelichora alikumbuka vitanda, akasahau kwamba alalaye kitandani ana shati, na shati hufuliwa. Hapakuwa na mahali pa kuanika hata leso. Tukaanika juu ya vyuma vya roshani, likabandikwa tangazo la kukataza, tukaendelea, tukaadhibiwa. Ndipo nilipotambua udhalimu ninaoushitaki hapa: kosa la mchoraji hugeuzwa kuwa utovu wa adabu wa mkaaji. Wanafunzi wakikata njia majanini kwa kuwa njia ya saruji yazunguka, huwekwa kibao cha kuwakemea, wala haulizwi aliyeipinda njia. Mwenzetu mmoja aliyetembea kwa magongo alibebwa mgongoni kila asubuhi hata darasa la juu, naye akasifiwa kwa uvumilivu. Uvumilivu! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwa imetungwa tangu 2003, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, imempa haki ya kufika mahali pote. Alihitaji darasa la chini, sifa hakuziomba.

Tazama na jua. Sisi tu kusini kidogo tu ya Ikweta; jua la asubuhi na la jioni huzikabili kuta za mashariki na magharibi, hali zile za kaskazini na kusini husalimika. Mzee asiyejua kusoma anaujua ukweli huu achaguapo mahali pa kuweka kiti chake alasiri. Lakini yako majengo ya mihadhara yaliyovikwa vioo upande wa magharibi, kwa kuwa vioo hufanana na maendeleo. Ikifika saa kumi mhadhiri hufunga mapazia na kuwasha taa mchana kweupe. Wala si kwamba ujuzi haupo. Maxwell Fry na Jane Drew, walipochora majengo ya chuo cha Ibadan, Nigeria, kilichoanzishwa 1948, waliyafanya membamba ili upepo uyapenye, wakayapa roshani na kuta za matundu za kuzuia jua. Wao waliuuliza upepo. Sisi twaweza kuwauliza na watu.

Sisemi kuwa uzuri ni dhambi. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umepata kuchapwa katika noti ya shilingi 500 ya Tanzania. Ni jengo la fahari, nami nalipenda. Lakini noti huonyesha nje.

Wataalamu hujibu kwamba mwanafunzi ni mpita njia: baada ya miaka minne ameondoka, nalo jengo limebaki. Ni kweli aondokaye ni mmoja, ila kitanda chake hupata mwingine kabla hakijapoa. Na mpishi je? Na mfagizi apandishaye ndoo za maji ngazini miaka ishirini? Hao hawapiti, na sijasikia wakiulizwa. Katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, Christopher Alexander na wenzake walitoa shauri, wakalieleza katika kitabu kilichotoka 1975, kwamba uamuzi wa nini kijengwe, na kijengwe vipi, uwe mikononi mwa watumiaji, mchoraji akiwa msaidizi wao. Chuo hicho kingali kimesimama. Ama wasemao kwamba fedha hazitoshi, na waniambie: kumwuliza mfagizi ni shilingi ngapi, na kubomoa ngazi ni ngapi?

Mwaka jana nilipita katika chuo changu kile cha ualimu. Tangazo la kukataza kuanika lilikuwa limepakwa rangi upya. Juu yake palikuwa na shati jeupe, limetandazwa vizuri, likichuruzika maji.